Sketi za Jumapili Mjini: Mtoto Akianguka, Akwambie

Ikiwa uko Bongwe, Ukunda, Diani, Msambweni au ng'ambo ya Likoni, vuta kiti usogee karibu na redio. Na kama hapo nyumbani kuna mtoto wa miaka sita hadi kumi na sita, mwite naye asikilize, maana leo tunazungumza juu ya mchezo wake.

Mchezo wenyewe ni sketi. Kuna sketi za viatu, ambazo mtoto huvaa miguuni zikiwa na magurudumu manne chini, na kuna ubao wa magurudumu ambao mtoto husimama juu yake na kuusukuma kwa mguu mmoja. Zote mbili zinapendwa sana na watoto wetu siku hizi. Zote mbili pia zinanilitea wagonjwa.

Nitaanza na mgonjwa mmoja. Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa gredi ya sita. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba na kupinda kama mgongo wa kijiko. Nikauliza, "Ameumia lini?" Mama akasema siku tatu zilizopita. Mtoto akainamisha kichwa. Nilipomwuliza taratibu, akasema ni siku kumi. Alikuwa akiteleza ukingoni mwa lami, bodaboda ikapiga honi nyuma yake, akashtuka, akaangukia mkono. Siku za kwanza alivaa shati la mikono mirefu ili asionekane. Bibi yake alipouona uvimbe, akaita mkandaji, mkono ukakandwa kwa mafuta kila jioni. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika, na kufikia siku ile ulikuwa umeanza kuunga ukiwa umepinda. Ilibidi apelekwe hospitali kubwa, apewe dawa ya usingizi, mfupa unyooshwe upya.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kwa nini hukusema siku ile ile?" Akanijibu, "Ningeambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Msikilizaji, jibu hilo sijalisahau. Leo nitakueleza jinsi ya kumpeleka mtoto mahali salama pa kuteleza, jinsi ya kumvalisha, na la kufanya akianguka. Lakini ukisahau yote, ushike hili moja: mtoto akianguka, awe na ruhusa ya kukwambia.

Viwanja vya sketi viko wapi?

Mchezo huu unataka mahali pasipo na magari. Hapa Afrika Mashariki, vijana wa Kitintale, mjini Kampala, walijenga uwanja wao wa zege kwa mikono yao mwaka 2006. Unatajwa kuwa uwanja wa kwanza wa sketi katika eneo letu lote. Watoto wa mtaa huo, wavulana kwa wasichana, wamejifunza hapo. Nairobi, mtaani Kangemi, uwanja kama huo ulijengwa mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid.

Katikati ya jiji la Nairobi kwenyewe, kwa miaka mingi watoto na vijana wamekuwa wakikusanyika wikendi katika maegesho ya magari yanayoitwa Sunken, karibu na njia ya miguu ya Aga Khan Walk. Wikendi magari hupungua, na sakafu ile pana hugeuka uwanja. Hakuna tiketi ya kuingilia. Asiye na sketi hukodi kwa vijana waliopo, na wapo wanaofundisha wanaoanza.

Usidhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ubao wa magurudumu ulishindaniwa kwa mara ya kwanza, na Momiji Nishiya, msichana wa Japani mwenye miaka 13, akashinda dhahabu. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Sketi inaipa kazi miguu, mgongo, moyo na mapafu, na inafunza mizani ya mwili. Mtoto anayeteleza saa nzima hajakaa saa hiyo akitazama simu.

Safari yetu ya Nairobi

Likizo ya Agosti nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kumtembelea mjomba wake Nairobi. Ana miaka kumi na miwili. Tulivuka feri ya Likoni, tukapanda treni Miritini, na njia nzima hadithi ilikuwa moja: "Mama mdogo, Jumapili tutaenda Sunken?" Nikamwambia tutaenda, kwa sharti kwamba atavaa helmeti.

Kabla ya safari kama hiyo, mzazi, kuna mambo manne ya kuandaa.

La kwanza, mtoto aijue kwa moyo namba yako ya simu, na mkifika uwanjani mkubaliane mahali pa kukutania mkipotezana. Mji una watu wengi.

La pili, kumbuka kwamba Nairobi iko juu sana kuliko kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa pwani atachoka na kuhema upesi siku za mwanzo. Mpumzishe kila baada ya dakika ishirini hivi, anywe maji hata kama baridi inamfanya asihisi kiu.

La tatu, kama ana pumu, mbebee dawa yake ya kuvuta. Kama ana selimundu, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua vizuri, uliza kliniki yake kabla ya kuondoka, umvalishe nguo za kumkinga na baridi, na usimwache achoke kupita kiasi au akose maji. Kama ana kifafa, shauriana kwanza na anayemtibu.

La nne, akipata homa akiwa huko au wiki chache baada ya kutoka kwetu, mwambie mhudumu wa afya kwamba mnatoka Kwale, ili apimwe malaria. Malaria Nairobi ni chache kuliko kwetu, na asiyejua mlikotoka anaweza kuanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Kumvalisha mtoto

Kitu cha kwanza ni helmeti, na iwe ya kumtosha. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe nyuma kama kofia ya sherehe. Mikanda ipite mbele na nyuma ya masikio, na chini ya kidevu kibaki nafasi ya kidole kimoja tu. Akitikisa kichwa isicheze. Helmeti ya bodaboda ya mtu mzima haimfai mtoto, kwa sababu ni nzito na inazunguka kichwani. Na helmeti iliyokwisha kupata pigo kubwa haitumiki tena, hata kama nje inaonekana nzima.

Cha pili ni kinga za vifundo vya mikono, viwiko na magoti. Ukikosa pesa za zote, baada ya helmeti tafuta za vifundo vya mikono, kwa sababu mtu akianguka, mikono ndiyo hutangulia.

Cha tatu ni soksi. Sketi za kukodi zimevaliwa na miguu mingi, na fangasi wa vidole hupitia humo. Soksi nene na safi zitamkinga, na malengelenge pia yatapungua.

Kwa mabinti zetu wanaovaa hijabu, mchezo huu hauwakatazi. Hijabu ifungwe karibu na kichwa bila pini, ncha zake ziingizwe ndani ya nguo, na helmeti ivaliwe juu yake. Ndani avae suruali ndefu isiyobana. Buibui pana hunaswa na magurudumu, kwa hiyo livuliwe au lifupishwe kwa mkanda wakati wa kuteleza.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipandishwe ubao wa magurudumu. Kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na mizani yake bado. Wa miaka sita hadi kumi asimamiwe na mtu mzima aliye karibu naye. Kukaa kwenye benchi huku unaandika ujumbe kwenye simu si kusimamia.

Kuanguka kuna ufundi wake

Kila anayeteleza ataanguka. Kwa hiyo mfundishe kuanguka kabla ya kumfundisha kwenda kasi. Akihisi anapoteza mizani, akunje magoti, ajishushe chini, kisha aangukie ubavu wenye nyama, paja na tako, na ajiachie abingirike. Asinyooshe mkono na kuukaza kama anayezuia ukuta, kwa sababu hapo ndipo kifundo huvunjika. Afanye mazoezi kwenye nyasi au mchanga. Huku kwetu mchanga tunao wa kutosha.

Na sketi zivuliwe kabla ya kutoka uwanjani. Kuvuka barabara ya mji, au hii yetu ya Likoni kwenda Lungalunga, ukiwa na magurudumu miguuni ni kujitafutia ajali. Lori halingoji mtoto apate mizani.

Yaliyompata mpwa wangu

Sasa nikueleze siku ile. Mpwa wangu aliteleza vizuri kwa saa nzima. Nikaenda kununua maji, dakika chache tu. Niliporudi nilimkuta amekaa ukingoni, helmeti iko mapajani. Nikauliza, "Kuna nini?" Akasema, "Sijambo, mama mdogo, napumzika."

Tukaondoka. Njiani akaniuliza, "Tumekuja na gari gani?" Nikamjibu. Baada ya kitambo akaniuliza tena swali lile lile. Mimi ni muuguzi, msikilizaji, lakini nakiri kwamba nilitaka kuamini ni uchovu. Tulipofika kwa mjomba wake akatapika. Nikajiambia labda ni chipsi za mjini. Alipotapika mara ya pili ndipo nilipokaa chini, nikamshika mikono, nikamwambia, "Sikupigi, wala simpigii mama yako simu sasa hivi. Niambie tu umeanguka?" Akalia. Alikuwa amevua helmeti kwa sababu ya joto, akazunguka mara moja bila hiyo, akaanguka chali na kugonga kisogo.

Tulikwenda hospitali usiku huo huo. Alichunguzwa, akalazwa mpaka asubuhi akiangaliwa, na ilionekana ni mtikisiko wa ubongo bila damu kuvuja ndani ya kichwa. Leo hajambo kabisa. Lakini nilipoteza saa tatu. Kama damu ingekuwa inavuja, saa tatu zingekuwa nyingi mno. Na sikuzipoteza kwa kukosa elimu. Nilizipoteza kwa sababu mtoto aliogopa kusema, na mimi nilichelewa kuuliza kwa namna ya kumfanya aseme.

Akigonga kichwa

Mtoto aliyegonga kichwa aache kucheza siku hiyo, hata akisema hajambo. Asiachwe peke yake, aangaliwe kwa saa 24 hadi 48. Anaweza kulala, lakini usiku mwamshe mara kwa mara uone kama anaamka vizuri na anakutambua. Akiumwa kichwa mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini wala ibuprofeni.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- alizimia, hata kwa muda mfupi;
- anatapika zaidi ya mara moja;
- anasinzia na ni vigumu kumwamsha;
- anarudia maswali, amechanganyikiwa, au hakumbuki lililotokea;
- kichwa kinazidi kuuma;
- anapata degedege;
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine, au anaona vitu viwili viwili;
- damu au maji maangavu yanatoka puani au masikioni;
- mkono au mguu umelegea, au anatembea kwa kuyumba.

Kama shingo inamuuma au hahisi miguu, usimwinue wala kumkalisha. Mwache alale vile vile, mtu ashike kichwa kisigeuke, na mwombe msaada. Namba ya gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Mgonjwa wa namna hii habebwi kwa bodaboda.

Akipona mtikisiko wa ubongo, asirudi kwenye sketi mpaka dalili zote ziishe na mhudumu wa afya aruhusu. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ni la hatari zaidi.

Akiumia mkono au mguu

Ukiona uvimbe mkubwa, umbo limepinda, au hawezi kutumia kiungo, chukulia kwamba umevunjika mpaka picha ya eksirei iseme vingine. Usikande, usivute, usijaribu kunyoosha. Chukua karatasi ngumu ya boksi, ikunje, iweke chini ya mkono kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, ifunge kwa kitambaa bila kubana sana. Kisha uning'inize mkono shingoni kwa leso. Tazama vidole: vikiwa vya baridi, vya bluu au havihisi, legeza kitambaa na ukimbilie hospitali. Kama umepinda waziwazi, usimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Siwatukani wakandaji wetu. Wapo wazee wanaoheshimika katika kazi hiyo, na misuli iliyochoka huipokea. Lakini mfupa uliovunjika ukikandwa, ncha zake huchoma nyama, mishipa ya damu na ya fahamu. Eksirei kwanza, mengine baadaye.

Kama ni kuteguka tu, pumzisha kiungo, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, kifunge bendeji, na ukiinue juu ya mto.

Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Na uulize kliniki kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Jambo moja la matayarisho: kama hujajiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, jiandikishe wewe na watoto sasa, mkiwa wazima. Usingoje usiku wa ajali ndipo uanze kutafuta kitambulisho.

Swali ninaloulizwa mara nyingi

Wazazi wengi huniuliza: "Je, si afadhali nizichome moto hizo sketi?"

Ukizichoma, ataazima za mwenzake, na atateleza mahali usipojua, bila helmeti, ukingoni mwa lami. Afadhali ujue anateleza wapi, saa ngapi na pamoja na nani. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kukaa na mwalimu mkuu au mzee wa mtaa wakaomba sakafu ya zege, ya shule au ya ukumbi, kwa saa mbili za Jumamosi, mtu mzima mmoja akisimamia kwa zamu. Helmeti tatu zinaweza kutumiwa na watoto tisa wakipokezana. Kitintale walianza na vijana wachache na zege la kukoroga wenyewe.

Ya kukumbuka

Mahali pasipo na magari. Helmeti ya kumtosha, isiyovuliwa hata kwa mzunguko mmoja. Mkono ukivimba, usikandwe. Kichwa kikigongwa, mtoto aangaliwe siku mbili.

Na jioni mtoto akirudi kutoka kuteleza, usimwulize, "Umeharibu nini leo?" Mwulize, "Leo umeanguka mara ngapi?" Mwulize ukicheka, kama unayeuliza mabao. Akikwambia mara tatu, mwambie akuonyeshe palipoguswa. Methali ya guu tumeirithi kwa wazee na ina kazi yake, lakini ingoje mpaka guu litibiwe.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Bongwe. Tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu, Mungu akipenda. Kwaherini.